Kiasi Katika Besi: Namna ya Kutunga Mistari ya Gitaa la Besi Bila Kuujaza Wimbo

Gitaa la besi, ambalo kwa kawaida huwa na nyuzi nne nene, hubeba sauti za chini kabisa katika bendi, na kazi yake ina pande mbili zisizotengana: hushika mdundo pamoja na ngoma, na papo hapo huwaelekeza waimbaji na wapiga vyombo wengine ni kodi ipi inayotawala kila sehemu ya wimbo, kodi ikiwa ni mkusanyiko wa noti tatu au zaidi zinazolia kwa pamoja. Mpiga solo akizidisha madoido, msikilizaji humchoka yeye na wimbo huendelea. Mpiga besi akizidisha, wimbo mzima hulegea, mwimbaji hukosa pa kuegemea, na mchezaji aliyeko ukumbini hupoteza hatua bila kujua ni kitu gani kilichomtoa. Kwa sababu hiyo suala la kiasi katika upigaji wa besi linastahili kujadiliwa peke yake, kwani ushauri wa jumla wa kutojionyesha, ambao wanamuziki wachanga huambiwa kila siku, hauwaelezi wafanye nini vidole vikishakuwa juu ya nyuzi.

Dhana inayopaswa kuondolewa mapema ni ile inayosema kwamba kuzidisha ni kupiga noti nyingi. James Jamerson, mpiga besi mkuu wa studio za Motown mjini Detroit katika miaka ya 1960, alitunga mistari yenye noti nyingi kuliko wenzake wengi wa wakati ule, tena akitumia kidole kimoja tu cha shahada kuzikwanyua nyuzi, lakini nyimbo alizoshiriki hazisikiki kuwa zimejazwa kupita kiasi. Noti zake hupita katika nafasi alizoziacha mwimbaji, hurudi kwenye msingi wa kodi mahali sikio linapouhitaji, na hufa haraka, kwa kuwa alitumia nyuzi nzee zenye uso laini pamoja na sponji iliyokaa chini ya kifuniko cha daraja la gitaa, yaani sehemu ambapo nyuzi hufungiwa. Kinyume chake ni besi ya wimbo "Stand by Me" wa Ben E. King wa mwaka 1961, inayorudia mzunguko uleule wa vipimo 8 tangu mwanzo hadi mwisho, kipimo kikiwa ni fungu la mapigo, mara nyingi manne, ambalo hujirudia katika wimbo. Kwa hesabu ya noti besi hizo mbili ziko mbali kabisa, lakini zote zina kiasi, kwa kuwa hakuna noti iliyokaa katika nafasi ya mtu mwingine. Kuzidisha, kwa hiyo, ni kuitwaa nafasi ambayo wimbo ulikuwa umeiweka kwa ajili ya sauti nyingine, iwe ni sauti ya mwimbaji, ya ngoma au ya ukimya wenyewe.

Ufafanuzi huo unapatana na tabia ya sauti za chini. Uzi mnene kuliko yote wa gitaa la besi, ukipigwa bila kubanwa, hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, na uzi unaoufuata hutetema mara 55. Wimbi la sauti yenye mitetemo 41 lina urefu unaozidi mita 8, urefu unaoupita upana wa vyumba vingi vya mazoezi, na sauti ya namna hiyo hugonga kuta na kurudi ikaendelea kusikika hata baada ya kidole kuondoka kwenye uzi. Katika ukumbi wenye sakafu ya saruji na paa la bati lisilo na dari, noti za chini zinazofuatana kwa kasi huchanganyika zikawa mngurumo mmoja, na msikilizaji aliyekaa nyuma hapati chochote katika ufundi ambao mpigaji ameutolea jasho. Noti mbili zilizo karibu, kwa mfano do na mi, zikipigwa pamoja kwenye nyuzi za chini hutoa sauti chafu, ilhali noti hizohizo zikipandishwa oktava moja, yaani kutoka do ya chini hadi do inayofuata juu yake, husikika safi. Mpigaji anashauriwa basi apunguze noti na kuziachanisha kadiri mstari wake unavyoshuka, na wepesi wa vidole auhifadhi kwa sehemu ya juu ya shingo ya gitaa, tena kwa nyakati chache.

Hata hivyo, jambo linalotenganisha zaidi besi yenye kiasi na besi inayosumbua ni urefu wa noti, na hapa ndipo mafunzo mengi yanapopungukiwa. Mwanafunzi hufundishwa aanzishe noti wapi, huku swali la aimalize wapi likiachwa lijijibu lenyewe, na matokeo yake kila noti huendelea kulia mpaka noti nyingine iifukuze, hali inayoufanya wimbo ukose pumzi hata kama noti zenyewe ni mbili tu kwa kipimo. Zoezi linalofaa ni la noti moja. Mpigaji achague do, aipige katika pigo la kwanza la kila kipimo, na kwa dakika chache aiache ilie mapigo yote manne. Kisha aizibe pale pale pigo la pili linapoingia. Kisha aizibe katikati ya pigo la kwanza, ikawa fupi kama kishindo. Kuziba hufanywa kwa kulegeza kidole cha mkono wa kushoto kinachoubana uzi, bila kukiondoa kabisa, au kwa kuulaza ubavu wa kiganja cha kulia karibu na daraja. Noti ni ileile, kasi ni ileile, lakini wimbo hubadilika mara tatu: kwanza huwa mzito na mpana, halafu husimama wima, halafu huanza kurukaruka.

Katika zoezi hilo kuna nafasi moja inayostahili kuangaliwa kwa karibu. Katika mitindo mingi ya dansi ngoma ndogo yenye waya chini yake, ambayo wapigaji huiita sneya, hulia katika pigo la pili na la nne. Besi ikizibwa barabara wakati fimbo inapogusa sneya, sneya husikika kubwa na kali zaidi ingawa mpiga dramu hajaongeza nguvu hata kidogo, kwa kuwa sauti nene iliyokuwa ikiifunika imeondoka ghafla. Besi ikichelewa kuzibwa kwa sehemu ndogo tu ya pigo, ukali ule hupotea, na bendi huanza kumlaumu mpiga dramu kwa uvivu ambao si wake. Mpiga besi anayetaka wimbo uwe na nguvu zaidi angefanya vyema kujaribu kwanza kuzifupisha noti alizonazo kabla hajaongeza nyingine.

Uhusiano wa besi na ngoma ya mguu, ile kubwa inayopigwa kwa kanyagio, hueleweka vibaya mara nyingi. Ushauri wa kawaida husema besi iifuate ngoma hiyo kila inapolia, na ushauri huo ni mzuri kwa anayeanza, kwa sababu sauti mbili za chini zinazopishana kidogo tu husikika kama kosa. Lakini mstari unaoifuata ngoma kila mahali huichosha ngoma na besi pamoja. Rumba ya Kongo, ambayo msingi wake uliathiriwa sana na santuri za muziki wa Cuba zilizoanza kuuzwa Afrika katika miaka ya 1930 chini ya alama ya GV, ilirithi njia nyingine. Katika besi ya Cuba noti ya kodi inayofuata hupigwa mapema, katika pigo la nne la kipimo kilichotangulia, ikaendelea kulia huku pigo la kwanza la kipimo kipya likipita bila kupigwa. Mchezaji husikia pigo la kwanza kwa mwili wake kwa sababu besi imemwachia alijaze mwenyewe. Katika rege ya Jamaika nako, Aston Barrett, aliyepiga besi na The Wailers pamoja na ndugu yake Carlton kwenye dramu, mara nyingi aliliacha pigo la kwanza tupu, na bado hakuna anayeweza kusema kwamba besi yake ilikuwa dhaifu. Mpigaji anaposhindwa kujua apunguze wapi, pigo la kwanza la kila kipimo cha pili ni mahali pazuri pa kuanzia majaribio.

Kuhusu kuutunga mstari wenyewe, njia inayopendekezwa hapa huanzia kinywani. Wasomaji waliopitia kwaya wanafahamu kwamba sauti ya besi ndiyo ya chini kabisa kati ya sauti nne, na kwamba mwimbaji wa besi hulazimika kuvuta pumzi. Mapumziko yake huja yenyewe kwa sababu kifua kina mpaka. Mkono hauna pumzi ya kuishiwa, na gitaa huweza kuendelea kulia bila kukoma kuanzia ubeti wa kwanza hadi kumalizika kwa wimbo. Mpigaji akiliweka gitaa chini na kuuimba mstari wake kwa silabi zozote huku wimbo ukiendelea, atagundua upesi ni wapi anapokatika, na kile ambacho hakiwezi kuimbwa kwa pumzi moja huwa, mara nyingi sana, ni kile ambacho hakikuhitajika. Kilichoimbika ndicho kitafutwe kwenye nyuzi. Vidole vikitangulia, huleta yale yaliyozoeleka mazoezini, yaani ngazi za noti na mifumo ya kupandisha na kushusha ambayo haina uhusiano wowote na maneno yanayoimbwa.

Mstari ukishapatikana hujengwa kwa vitu vichache. Cha kwanza ni noti ya msingi, ile inayoipa kodi jina lake. Cha pili ni noti ya tano kutoka hiyo, kama so inavyohusiana na do, ambayo huongeza mwendo bila kuibadilisha maana ya kodi. Cha tatu ni oktava, ambayo huipa noti ileile uso mpya. Vitatu hivyo vinatosha kwa nyimbo nyingi mno kuliko wapigaji wanavyotaka kukubali. Baada yake huja noti za kupitia, yaani noti zinazounganisha msingi wa kodi moja na ule wa kodi inayofuata, kwa mfano mi inayopigwa kabla ya kuingia fa. Noti ya kupitia ina nguvu kwa sababu humwambia msikilizaji kwamba kuna mahali panakaribia, na nguvu hiyo hupungua kila inapotumika bila haja. Kodi zikibadilika mara nne katika ubeti, mabadiliko matatu yaingie kavu na moja tu, lile linaloelekea kwenye kiitikio, lipewe noti ya kupitia. Tofauti itasikika mara moja.

Baadaye hufuata kazi ambayo wengi huiruka, nayo ni kuondoa. Mstari urekodiwe, hata kwa simu, pamoja na sauti ya mwimbaji, kisha upigwe tena ukiwa umepunguzwa noti moja, halafu nyingine, mpaka ifike noti ambayo ikiondolewa wimbo unayumba. Noti hiyo irudishwe. Zoezi hili huumiza kidogo, kwa kuwa noti zinazotoka mapema huwa ni zile ambazo mtunzi alizipenda kwa ugumu wake, lakini ndilo linalomfundisha kutofautisha kati ya noti inayoubeba wimbo na noti inayompendeza yeye mwenyewe. Kujua ni ipi hasa kati ya hizo mbili hakuwezekani kwa kufikiri. Lazima isikike ikikosekana.

Mwimbaji ndiye kipimo cha mwisho. Vijazio, yaani vifungu vifupi vya noti za haraka vinavyopamba mwisho wa mstari, viwekwe pale mwimbaji anapovuta pumzi au anaposubiri, wala visianze kabla hajaimaliza silabi yake ya mwisho. Katika nyimbo za Kiswahili jambo hili lina uzito wake, kwa sababu maneno mengi huimbwa kwa irabu ya mwisho iliyovutwa, na ndani ya irabu hiyo ndimo mwimbaji hutia hisia zake. Besi inayokimbilia kuijaza huifunika sehemu ambayo wasikilizaji waliingoja. Wapo wanaohesabu kijazio kimoja kwa kila vipimo 4 kuwa ni desturi ya lazima, na desturi hiyo haina msingi wowote. Ubeti mzima unaweza kupita bila kijazio hata kimoja, na kijazio kinachoingia baadaye, kabla ya kiitikio, kitasikika kama tukio.

Bendi za dansi za Tanzania na Kongo zinatoa darasa zuri zaidi la kugawana nafasi, kwa kuwa jukwaani husimama gitaa la solo, la pili linaloitikia solo, la ridhimu linaloshikilia kodi, besi, tumba, dramu, na mara nyingi tarumbeta na saksafoni juu yake. Kila gitaa hupewa kifungu kifupi kinachojirudia, na uzuri wa muziki hutokana na namna vifungu hivyo vinavyofumana. Katika sebene, sehemu ya kasi ambapo uimbaji hupungua na magitaa kuchukua uwanja, kishawishi cha mpiga besi kuchangamka pamoja na solo huwa kikubwa, lakini solo huweza kuruka kwa sababu tu kuna mtu asiyeruka. Decca Mpudi, aliyeshika besi katika TPOK Jazz ya Franco kwa miaka mingi, ni mfano unaofaa kusikilizwa kwa makini: bendi hiyo ilipiga nyimbo zinazozidi dakika 10, na kwa muda wote huo besi ilihitajika irudie bila kuchakaa. Anayedhani kurudia ni kukosa ubunifu ajaribu kushika kifungu kimoja kwa dakika 10 bila kukiharakisha, bila kukibadilisha na bila kupoteza uhai wake, ndipo ataona kazi iliyomo.

Ni muhimu kusema pia kwamba kiasi hupimwa ndani ya mtindo. Katika benga, kama ilivyopigwa na D. O. Misiani na Shirati Jazz, besi hukimbia, husikika mbele na huzungumza na solo kwa karibu sana, na kumtaka mpiga besi wa benga abaki na noti mbili kwa kipimo ni kuiua benga. Katika taarabu ya vikundi vikubwa vya Zanzibar, kama Ikhwan Safaa kilichoanza mwaka 1905, besi kubwa ya kusimama ya jamii ya fidla hukwanyuliwa kwa vidole na kuwa nguzo ya chini, huku fidla, kanuni, udi na akordioni zikiufuata wimbo kwa pamoja juu yake. Hapo noti za ziada zingegombana na mapambo ambayo kila chombo cha juu kinayatia kwa njia yake. Mpigaji anayehama kutoka mtindo mmoja kwenda mwingine anapaswa kusikiliza kwanza ni nani mwenye haki ya kusema sana katika mtindo huo.

Makanisani, ambako vijana wengi wa leo hujifunzia besi, tatizo huwa na sura nyingine. Mpiga kinanda, hasa aliyezoea kupiga peke yake, hupiga noti za chini kwa mkono wa kushoto, na noti hizo hukaa katika eneo lilelile la besi. Wawili hao wasipokubaliana, kila mmoja huongeza sauti na noti ili asikike, na waumini wanaoimba hushindwa kuipata kodi. Mapatano ni rahisi na yafanywe kabla ya ibada: mkono wa kushoto wa kinanda upande oktava moja au unyamaze kabisa besi inapokuwepo, na mpiga besi kwa upande wake aahidi kushika noti ya msingi kwa uaminifu, hasa katika nyimbo za mkusanyiko ambamo watu wanautafuta ufunguo wa wimbo kwa masikio.

Kunyamaza kabisa nako ni sehemu ya utunzi. Prince aliutoa wimbo "When Doves Cry" mwaka 1984 bila besi hata kidogo, na ukapanda hadi nafasi ya kwanza nchini Marekani. Mfano huo hauwataki wapiga besi waende nyumbani. Unaonyesha jinsi kutokuwepo kwa sauti ya chini kunavyosikika kwa nguvu. Besi inayoingia tangu mpigo wa kwanza wa wimbo hujinyima kuingia, kwa maana ya kuingia kunakotambuliwa na kila mtu. Ubeti wa kwanza ukiachiwa sauti na gitaa la ridhimu, noti moja tu ya besi mwanzoni mwa kiitikio huupanua wimbo kuliko kijazio chochote.

Yaliyosalia ni ya mazoezini. Sauti ya amplifaya ipunguzwe mpaka mpiga besi aweze kumsikia mwimbaji asiyetumia maikrofoni, kwani asiyemsikia mwimbaji hawezi kumpisha. Mazoezi ya watu wawili, besi na dramu peke yao, yafanywe kwa kila wimbo mpya kabla ya bendi nzima kukutana, na wawili hao wakubaliane kwa maneno ni wapi noti inakatwa. Kasi ya metronomu, kifaa kinachogonga mapigo sawasawa, iwekwe chini ya kasi halisi ya wimbo, kwa kuwa mwendo wa polepole hufichua haraka mkono unaoogopa nafasi tupu na kukimbilia kuijaza. Na mstari uliokwisha kupatikana uandikwe au urekodiwe siku ileile, pamoja na mahali pa kuziba, ili katika onyesho la usiku, watu wanaposhangilia na damu inapochemka, mpigaji awe na kitu alichokiamua akiwa ametulia cha kurudia.